Chemba ya tatu na sentimita 28 zilizopotea

Moshi imeinamia kusini. Kibo kiko kisogoni, mabwawa ya majitaka ya Mabogini yako mbele, na kati yake mji mzima unateremka. Ofisini tulizoea kutaniana kwamba ndoo ya maji ukiimwaga Kiboriloni utaipokea Mabogini. Kwa hiyo chemba moja ilipokuwa ikitapika kila masika, tena kwenye laini ambayo kwenye kompyuta haikuwa na kasoro yoyote, hakuna kati yetu aliyefikiria mteremko. Tulifikiria kila kitu kingine.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu wanaotunza modeli za mitandao ya majitaka, na kwa mafundi wanaozipelekea data. Mteja simtaji, na kampuni pia siitaji. Makosa karibu yote yalikuwa ya upande wetu, na ripoti ya kwanza, ile yenye ushauri mbovu, ina saini yangu.

Modeli ilikuwa ya SWMM, programu ya bure ya kukokotoa mwendo wa maji kwenye mabomba, ya Wakala wa Mazingira wa Marekani, ambayo ipo tangu 1971 na bado inadai heshima yake. Kwa kila chemba inataka hasa vitu viwili: mwinuko wa invati, yaani sehemu ya chini kabisa ya tundu la bomba, na kina kutoka hapo hadi mfunikoni. Kwa kila bomba inataka urefu, kipenyo na ukwaru, yaani namba ya jinsi ukuta wa ndani unavyoyazuia maji. Mteremko wa bomba huujazi. Programu inautafuta yenyewe kwa kutoa invati ya chini kwenye invati ya juu na kugawanya kwa urefu. Maana yake ni kwamba ukikosea invati ya chemba moja, umekosea mabomba mawili kwa mpigo, na kwa pande zinazopingana: moja linakuwa kali kuliko lilivyo, jingine linalala kuliko lilivyo. Jambo hilo nililijua tangu chuoni. Kulijua hakukunisaidia.

Kipande kinachotuhusu kina chemba nne mfululizo, nitaziita ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, na mabomba ya milimita 200 katikati yake. Kwenye modeli, invati ya chemba ya pili ilikuwa mita 806.92 juu ya usawa wa bahari, ya tatu 806.40, ya nne 805.95 na ya tano 805.15. Kutoka ya pili hadi ya tatu ni mita 52, kutoka ya tatu hadi ya nne ni mita 45, halafu mita 50 hadi ya tano. Piga hesabu: mteremko wa asilimia 1, kisha asilimia 1 tena, kisha asilimia 1.6. Ukiuangalia mchoro wa ubavuni, laini imenyooka kama rula. Bomba la milimita 200 lenye mteremko wa asilimia 1 na ukwaru wa 0.013 hupitisha karibu lita 33 kwa sekunde likijaa. Mtiririko wa asubuhi, saa moja na nusu watu wote wakioga na kufua, tuliukadiria kutoka kwenye mita za maji za wateja kuwa lita 6 hivi kwa sekunde. Lita 6 ndani ya bomba la lita 33. Chemba ya tatu ingetapika vipi?

Lakini ilitapika. Mteja alikuwa na daftari la malalamiko, na chemba ile imeandikwa humo Aprili baada ya Aprili.

Basi kijana wetu wa modeli akafanya kile ambacho wengi wetu tumewahi kufanya, hata kama hatukiri. Modeli haifanani na hali halisi, kwa hiyo irekebishe mpaka ifanane. Katika vile vitu vyote unavyojaza, ukwaru ndio pekee usioweza kupimwa kwa futi kamba, kwa hiyo ndio unaovutika. Akaupandisha kutoka 0.013 hadi 0.015, hadi 0.018, hadi 0.021. Kwenye 0.021 modeli ikatapika pale pale, chemba ya tatu, kwa mvua ya masika. Tukafurahi. Tukaandika kwenye ripoti kwamba mabomba ni ya zamani na yamechakaa kwa ndani.

Nisimame hapa kidogo. Ukwaru wa 0.013 ni wa bomba la zege la kawaida, hata lililotumika miaka. Ukwaru wa 0.021 ni wa mfereji wa udongo. Kwa lugha ya huku kwetu, ni wa mfongo uliosafishwa vizuri. Tulikuwa tunasema, bila kujisikia, kwamba ndani ya bomba la majitaka la mjini mna mfongo.

Na kwa kuwa mabomba “yamechakaa”, tukaona haki ni kuutumia ukwaru huo kwenye laini yote inayofuata, pamoja na bomba kuu la milimita 300 huko chini. Bomba hilo, ambalo kwa asilimia 1 linapitisha karibu lita 97 kwa sekunde, likashuka hadi lita 60 kwenye modeli. Mteja alitaka kuunganisha nyumba mpya kwenye laini hiyo. Modeli ikasema haiwezekani mpaka mita 600 za bomba kuu zibadilishwe. Nikasaini.

Kwenye kikao cha kuwasilisha ripoti alikuwepo fundi mmoja wa mteja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye kila mtu alimwita meku. Alikaa kimya muda wote. Mwishoni akamgeukia kijana wetu.

“Hiyo chemba umeifungua lini?”

“Meku, tuna data zake zote.”

“Sikuuliza data. Nimeuliza umeifungua lini.”

Hakuna aliyeifungua. Wiki iliyofuata tukaenda.

Chemba ya pili, ya nne na ya tano ziko kando ya barabara na hazikutusumbua. Ya tatu iko katikati ya lami. Meku alikuja na mtaimbo, akasimama mbele ya meza ya mama mmoja anayeuza mtori na chapati, akaipima barabara kwa jicho na kusogea hatua mbili. Mfuniko ulinasa kwenye fremu yake mpaka vibarua wawili wakauning'inia. Ulipofunguka mende wakamwagika juu, tukasogea nyuma na kuuacha mdomo wazi robo saa. Harufu ya mayai viza ikipotea ghafla siyo dalili ya usalama. Haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu hiyo, ikizidi huua pua kwanza. Hakuna aliyeingia ndani siku ile, na hakukuwa na haja.

Kilichohitajika kuonekana kilionekana kwa tochi kutoka juu. Shingo ya chemba ilikuwa na rangi mbili. Chini, zege la zamani, jeusi na lenye ute. Juu yake, pete ya zege la juzi, la kijivu, lenye kingo kali. Kwenye mstari wa kuunganishia bado palionekana ukingo wa fremu ya zamani. Meku akashusha futi kamba kando ya pete ile: sentimita 28. Barabara ilipowekwa lami, mfuniko ulipandishwa ulingane na lami mpya.

Ofisini jioni tukafungua mafaili na picha ikajikamilisha, kwa aibu. Michoro ya zamani ya ujenzi ilikuwa na jedwali la mwinuko wa mfuniko na kina cha kila chemba. Kwa chemba ya tatu iliandikwa mfuniko 808.02, kina 1.90. Toa, unapata invati 806.12. Miaka miwili kabla ya kisa hiki tulikuwa tumelipwa “kusasisha” modeli. Timu ikazunguka mji na GPS ya kisasa, ikapiga mwinuko wa kila mfuniko, na kwa haraka ya mkataba haikufungua hata mmoja. Mwinuko mpya wa mfuniko wa tatu ukawa 808.30, sahihi kabisa. Kisha mtu akachukua 808.30 hiyo mpya, akaitoa 1.90 ile ya zamani, akajaza 806.40.

Kila namba peke yake ilikuwa kweli. Mfuniko ulikuwa kweli 808.30. Kina kilikuwa kweli 1.90, enzi zake. Modeli haikuharibika kwa kuachwa bila kuguswa. Ingeachwa na michoro ya zamani ingekuwa sahihi hadi leo. Iliharibika kwa kusasishwa nusu.

Wakati wa kazi ile ya GPS palitokea kosa jingine, kubwa zaidi, ambalo halikumdhuru mtu. Faili la kwanza lilitoka na mwinuko wa kihisabati ambao kifaa hupima, ule wa juu ya umbo laini la dunia, si wa juu ya usawa wa bahari. Kati ya viwili hivyo, huku kwetu pana tofauti ya zaidi ya mita kumi, na karibu na mlima mkubwa tofauti hiyo haitulii, inabadilika kadiri unavyosogea. Ndiyo moja ya sababu hata Kilimanjaro yenyewe ina zaidi ya urefu mmoja: vibao na vitabu vinasema 5,895, kipimo cha 1952, na upimaji wa GPS wa 1999 ukatoa 5,892.55. Sisi tuliligundua kosa letu siku hiyo hiyo, kwa sababu mji mzima ulikuwa umezama. Kosa la mita kumi hupiga kelele. La sentimita 28 hukaa kimya kwenye jedwali, na ndilo lililotugharimu.

Tulirudi na mashine ya levo, kifaa cha kupimia tofauti za kimo. GPS nzuri ina shaka ya sentimita mbili tatu kwenye mwinuko, na kwa mfuniko inatosha. Lakini kati ya chemba ya tatu na ya nne tulishaanza kushuku kwamba bomba lote linashuka sentimita 17 tu, na sentimita tatu huku na tatu kule zingekula sehemu kubwa ya hizo. Tukaanzia benchimaki, alama ambayo kimo chake kinajulikana, tukapita chemba zote nne na kurudi tulikoanzia, mzunguko wa kilomita 1.4. Tulifunga na tofauti ya milimita 9. Kwa umbali ule ninaruhusu 14.

Kupima kina nako kuna ujanja wake, na hapa karibu tuharibu kazi kwa mara ya pili. Kijana alishusha stafu, ile fimbo yenye vipimo, mpaka ikagota, akasoma 2.09. Akaandika. Meku akamwomba ile stafu, akaisukuma na kuizungusha kama mtu anayesonga ugali. Ikashuka. Akaivuta, sehemu ya chini imepakwa mchanga mweusi. Gari la kuzibulia likaletwa, chemba ikaoshwa, stafu ikagota kwenye zege kwa mlio wake: 2.18. Mchanga wa sentimita 9 ulikuwa umekaa mahali ambapo maji yalitakiwa kupita kwa kasi. Tungeiamini 2.09, tungekuwa tumesahihisha theluthi mbili tu ya kosa na kuliita limekwisha.

Toa 2.18 kwenye 808.30. Invati ni 806.12, sentimita kwa sentimita ile ya michoro ya zamani.

Sasa mteremko. Kutoka chemba ya pili hadi ya tatu ni asilimia 1.5, mkali. Kutoka ya tatu hadi ya nne ni sentimita 17 kwa mita 45, yaani asilimia 0.38. Chemba ya nne ilikuwepo kabla ya laini hii, na waliounganisha walilazimika kufuata kimo chake. Uwezo wa bomba hilo si lita 33 bali ni 20. Na nje ya ile saa ya asubuhi, maji yakiwa kidogo, kasi yake haifiki nusu mita kwa sekunde, kwa hiyo mchanga unaoletwa kwa kasi kutoka juu unafika pale na kutulia. Mchanga wa stafu ukapata maelezo.

Kijana aliirudisha modeli kwenye ukwaru wa 0.013, akaweka invati mpya, akaiendesha. Bomba lile likatoa lita 20.2 kwa sekunde. Ile modeli ya mfongo, yenye ukwaru wa 0.021 na mteremko wa uongo, ilikuwa inatoa 20.3. Alinyamaza muda mrefu. Ni rahisi kuona kwa nini: uwezo hupungua kwa kipeuo cha pili cha mteremko na hupungua moja kwa moja kadiri ukwaru unavyopanda, kwa hiyo kosa moja linaweza kuvaa nguo za jingine na zikamkaa sawasawa. Kwenye bomba hilo moja huwezi kuwatofautisha kwa kutazama matokeo.

Unawatofautisha kwenye bomba la jirani. Kati ya chemba ya nne na ya tano, kwa lita zile 6, ukwaru wa 0.021 unatabiri maji ya kina cha sentimita 6.5, na ukwaru wa 0.013 unatabiri 5. Tukarudi saa moja na nusu asubuhi, siku tatu, na rula ya chuma kwenye kijiti. Ilisoma 5, mara moja 5.5. Kazi ya dakika ishirini, na mita 600 za bomba kuu zikafutwa kwenye bajeti ya mteja.

Bado hatujaeleza kwa nini inatapika. Lita 6 zinapita kwenye bomba la lita 20 bila shida, mchanga ukiwa umeondolewa. Mama wa mtori ndiye aliyetufungulia njia. Alikuwa ametutazama siku zote tukihangaika, na siku ya rula akaniita.

“Mwanangu, ninyi mnapima asubuhi. Hii haitapiki asubuhi. Mvua ikipiga kwa nguvu, kabla sijamaliza kufunika masufuria imeshatoka. Ikikatika na yenyewe inakata.”

“Na mvua ya usiku kucha, ile ya polepole?”

“Hiyo haina neno.”

Nimesoma ripoti za kurasa sitini zenye maelezo machache kuliko hayo. Maji yanayopenya ardhini na kuingia kwenye nyufa za mabomba huchelewa kuja na huchelewa kuondoka. Maji yanayokuja kabla masufuria hayajafunikwa na kukata na mvua yametoka juu ya zege au bati, kwa bomba la moja kwa moja. Tukatembea mtaani kupanda juu. Jengo moja la biashara lina uwanja wa zege, mita za mraba kama 2,000, na bakuli la maji ya mvua, yaani shimo la kuyapokea, kwenye kona. Tukaomba ruhusa, tukamimina rangi ya kijani isiyo na sumu kwenye bakuli na ndoo mbili za maji nyuma yake. Ndani ya dakika chache chemba ya tatu ilikuwa ya kijani.

Mvua ya milimita 30 kwa saa juu ya uwanja kama ule hutoa lita 15 kwa sekunde, ukiacha kidogo kinachobaki kwenye madimbwi. Jumlisha na 6 za asubuhi, unapata 21, na bomba ni la 20, tena likiwa na mchanga. Kwenye modeli yetu ya zamani 21 zilikuwa zinapita ndani ya 33 bila kugusa dari, ndiyo maana hatukuwahi hata kuuliza maji ya mvua yanaingia wapi. Invati mbaya haikuficha mteremko tu. Ilituondolea swali.

Mteja alikata kwanza ule unganisho na kuuelekeza uwanja kwenye mtaro wa mvua, jambo lililogharimu siku nne na ugomvi kidogo. Kulaza upya mabomba kutoka chemba ya tatu hadi ya tano, mita 95, kwa kuishusha invati ya chemba ya nne sentimita 28 ili mteremko wote uwe asilimia 1, kumepangwa. Mpaka hapo, gari la kuzibulia linapita kabla ya masika na kabla ya vuli.

Upande wa modeli tulibadilisha kitu kidogo tu. SWMM huhifadhi invati na kina. Haikumbuki namba ilitoka wapi. Lakini kila chemba ina nafasi ya maelezo na nafasi ya lebo, ambazo sisi, kama ofisi nyingi, tuliziacha tupu. Sasa lebo inabeba herufi: A kwa chemba iliyofunguliwa na kupigwa levo, B kwa GPS na kina vilivyopimwa siku moja, C kwa michoro, D kwa iliyokisiwa katikati ya jirani zake. Mchanganyiko wa mfuniko wa leo na kina cha zamani haupewi herufi. Unarudishwa C pamoja na namba zake zote za zamani, hata kama mtu alilipwa kuzisasisha. Meku alisaidia zaidi kwa kadi: kila kikosi kinachofungua chemba kuzibua, kinaandika kina kabla na baada ya kuosha, na kama shingo ina rangi mbili.

Kutafuta chemba nyingine za aina hii hatukutumia mteremko, kwa sababu kwenye modeli mbovu mteremko wetu ulikuwa mzuri kupita kiasi. Tuliweka kwenye QGIS, programu ya ramani, kila bomba ambalo ncha zake mbili zina asili tofauti, kisha tukaweka juu yake barabara zote zilizotiwa lami baada ya michoro ile. Tunazifungua kuanzia zile ambazo, kwa michoro ya zamani, bomba lake linalala.

Masika iliyofuata tuliweka ndani ya chemba ya tatu ubao uliopakwa chokaa, mbinu ya kizamani: maji yanafuta chokaa mpaka yalipofika. Kipimo chetu cha mvua juu ya paa la ofisi kilisoma milimita 30 kwa saa moja, mchana mmoja wa Aprili. Haikutapika. Mama wa mtori hakufunika hata sufuria, aliniambia, kwa makusudi, aone. Modeli ilikuwa imetabiri maji ya sentimita 8 ndani ya chemba. Chokaa ilifutika hadi 11.

Sentimita hizo tatu, kwa mteremko ule, ni kama lita 5 kwa sekunde zaidi. Ni bati la mita za mraba 650 hivi, mahali fulani juu ya chemba ya pili. Kijana alipendekeza kwa utani tupandishe ukwaru kidogo. Meku alikuwa ameshachukua kopo la rangi.